Mkasi wa Kuapia

"Kwani Mungu wako atapungukiwa na nini ukiapa mara moja tu?"

Hilo ndilo swali Kavutha alilomuuliza Nekesa asubuhi moja kule mtaani Umoja, Nairobi, wakianika nguo kwenye kamba moja iliyotoka dirishani kwa huyu ikafika mlangoni kwa yule. Hakuuliza kwa ubaya. Kavutha alikuwa jirani wa kugawana unga na makaa, na ndio kwanza alikuwa ameambiwa yanayomngojea mwenzake kazini siku hiyo. Aliuliza akiwa na kibanio katikati ya meno, kisha akakitoa ili aongeze kwamba wale wasichana wake wawili, Nabwire na mdogo wake, wanataka kula na karo, na marehemu mumewe hayupo wa kusaidia. Viwanda navyo vinafungwa kila kukicha kwa sababu ya mitumba. Ukitoka hapo, Mama Nabwire, utaenda wapi?

Nekesa aliinama kuchukua kibanio kingine. Shuka nyeupe aliyokuwa ameitandaza ilijaa upepo, na nyuma yake jua la ukungu likaonekana kama taa iliyowashwa nyuma ya pazia. Kwa kitambo kidogo alisahau yuko wapi. Aliona tu weupe, ukijaa na kupungua kama kifua cha mtu aliyelala. Halafu akachukua karai lake tupu, akaingia ndani kuvaa viatu.

Karakana ya Bwana Phares ilikuwa nyuma ya Jogoo Road, kwenye jengo refu la mabati. Walishona mito, foronya na magodoro ya watoto, na mito yao ilijazwa sufi. Sufi ikishachambuliwa hupanda hewani na kukataa kushuka. Mwanga ulipoingia kwa lile bati la plastiki juu ya paa, ungeiona ikielea polepole, kana kwamba hakuna kinachoiita chini. Ilikaa kwenye nywele, kwenye kope, ndani ya chai. Mtu aliyezoea kazi mle alianza kusikia mlio wa cherehani kama unatoka mbali, hata akiwa ameikalia yake mwenyewe, na akajikuta katikati ya mawazo ya zamani asijue ameyaanza lini.

Siku moja kabla, jora la satini nyeupe lilikuwa limepotea humo. Lilikuwa la bibi harusi mmoja wa Donholm, aliyetaka mito na mapazia ya rangi ya gauni lake. Wakati wa chai lilikuwa kwenye rafu. Waliporudi kutoka chakula cha mchana, rafu ilikuwa tupu.

Sasa mle karakanani kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianza vipi. Kitu kikipotea, ulitolewa mkasi mkubwa wa kukatia, ule mzito wa vishikio vyeusi, ukapanuliwa juu ya meza. Kila mtu alipitisha mkono katikati ya makali yake na kusema, "Kama ni mimi, mkasi unikate." Wengi walisema huku wakicheka. Hakuna aliyewahi kukatwa. Mwenye mkasi alikuwa Dedan, fundi wa kukata, mtu wa mizaha, na yeye ndiye aliyeapa kwanza siku hiyo, upesi upesi, kama mtu anayeagiza chai hotelini. Kisha akawasogezea wenzake.

Mkasi ulipofika kwa Nekesa, alisema kwamba jora hakulichukua, lakini kuapa haapi.

Yeye alikuwa wa Kanisa la Marafiki, tangu kwa nyanya yake kule karibu na Webuye. Walilelewa wakiambiwa kwamba Bwana alikataza viapo, na kwamba ndiyo ya mtu itoshe kuwa ndiyo, na siyo yake itoshe kuwa siyo. Mtu anayekuapia, nyanya alikuwa akisema, ni kama anakuambia siku zile nyingine zote usimwamini.

Haya yote Nekesa alijaribu kuyaeleza kwa maneno machache, lakini karakana nzima ilikuwa imeshasikia inachotaka kusikia. Mle, mtu aliyeogopa mkasi alikuwa na sababu ya kuuogopa.

"Mtakatifu wetu," Dedan alisema, "kumbe mkono wako unajua umeshika nini."

Watu wakacheka. Bwana Phares hakucheka. Yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa huko Buruburu, na ndiyo maana jambo lile lilimkera zaidi. Alisema hajaona dini inayomkataza mtu kusafisha jina lake, na kwamba Wakristo wote waliomo wameapa na mbingu hazijaanguka. Akampa mpaka kesho. Aje aape, au asikalie cherehani ile tena.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Aoko, aliyezoea kugawana naye chapati, alihamisha kiti chake. Mtu fulani alifunga kitambaa cheupe kwenye gurudumu la cherehani yake, kama utepe wa gari la harusi. Lydiah, msimamizi wa washonaji, ambaye kwa muda mrefu hakuwa akimsalimia ila kwa lazima, alikuja akamhesabia sindano mbele ya wote. Nekesa aliendelea kushona. Sufi ilimdondokea mikononi, naye akaipuliza taratibu kila ilipotua.

Kwa hiyo sasa alikuwa akitembea kurudi huko, na swali la Kavutha likitembea naye. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Watu walitokea mbele yake wakiwa vivuli, wakawa watu, wakapita wakawa vivuli tena. Alipofika langoni alifanya jambo ambalo hakulikusudia. Aliyajaribu yale maneno mdomoni, kwa sauti ndogo. Kama ni mimi. Yalitoka bila shida yoyote, mepesi kama sufi yenyewe, na wepesi huo ndio uliomwogopesha. Akasimama, akamwomba Mungu asimwache peke yake mle ndani, kisha akaingia.

Walikuwa wamemngoja. Cherehani zilikuwa zimezimwa, na mkasi umepanuliwa juu ya meza ya kukatia. Bwana Phares alimwambia hana haja ya hotuba. Apitishe mkono, aseme, watu warudi kazini.

"Mzee, jora sikulichukua," Nekesa alisema. "Hilo ndilo neno langu lote. Sina la kuliongezea nguvu."

Akaketi. Hakuondoka na hakulia. Aliweka mikono juu ya magoti, kama Marafiki wanavyokaa wanapomngoja Mungu, akafumba macho.

Kimya kikaingia. Kwa watu waliozoea kelele za mashine kilikuwa kimya cha ajabu, na hakuna aliyejua akivunje vipi. Nekesa alikisikia kikipanuka, na ndani yake akaona nyumba ya ibada ya kwao, ya udongo, na miguu ya nyanya yake isiyo na viatu imepangwa vizuri sakafuni. Hakuna aliyekuwa akisema. Ndege mdogo aliingia kwa dirisha la nyumba hiyo, akazunguka juu ya vichwa vya watu, akatokea kwa mlango, na hakuna aliyeinua uso kumtazama. Alijiona akiwa kwenye cherehani ile, na akajiona akiwa ameiacha, na pote palikuwa na utulivu uleule.

Nawe uliye mahali unapochekwa kwa ajili ya Mungu wako, usidhani amani hiyo ilimjia kwa kuwa mambo yametengenea. Yalikuwa hayajatengenea hata kidogo.

Aliyevunja kimya ni Lydiah.

"Mzee, huyu mama mimi simpendi," alisema. "Kila mtu hapa anajua. Sasa niwaambie kwa nini. Mwaka jana nilitoroka saa za kazi nikampeleke mtoto hospitali, nikamwambia, ukiulizwa sema niko chooni. Wewe ulipomuuliza, alikujibu nini?"

Bwana Phares alifikiri. "Alisema huko chooni hauko."

"Alisema siko chooni, na niliko ni mimi nitakayekuambia. Nikakatwa pesa ya siku. Nimemchukia mpaka leo." Lydiah alishusha pumzi. "Lakini mtu aliyeshindwa kunidanganyia choo, Mzee, ndiye atakayedanganya jora zima?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akaziba mdomo. Aoko alikuwa akitazama chini. Nekesa alifumbua macho, akamwona Lydiah amesimama katikati ya mwanga, sufi imemjaa mabegani, na usoni hakuwa na urafiki wowote. Alikuwa amesema tu lililo kweli, na lilionekana kumgharimu.

Bwana Phares aliufunga mkasi. Aliufunga polepole, akautia kwapani kama mtu aliyechoka na kitu. Akasema basi leo hakuna wa kuapa. Kila mmoja amtazame machoni na amwambie, kwa mdomo wake tu, kama alivyosema Mama Nabwire.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba maneno matupu ni mazito kuliko chuma. Watu waliokuwa wameapa jana wakichekelea sasa walikohoa kwanza. Lydiah alisema hakuchukua. Aoko alisema hakuchukua, na sauti yake ikakwaruza ingawa ilikuwa kweli. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na kila mmoja alipomaliza alikaa karibu kidogo na Nekesa kuliko alivyokuwa, bila kukusudia.

Wakafika kwa Dedan.

"Mimi si niliapa jana, Mzee?" alisema, akitabasamu.

"Uliapa, wa kwanza," Bwana Phares alisema. "Leo niambie tu."

Dedan alimtazama, akafungua mdomo. Tabasamu lilibaki pale kwa muda, halina kazi. Macho yake yalihama kutoka kwa Bwana Phares yakaenda kwa Nekesa, ambaye hakumkazia wala kumkwepa. Sufi ilikuwa ikishuka kati yao, ikigeuka kwenye mwanga, na hakuna mtu aliyeipuliza. Kisha Dedan akashusha tepu ya kupimia shingoni mwake, akaikunja, akailaza juu ya meza, akapita katikati ya wenzake mpaka mlango mkubwa, akatoka.