Yenye Jagi Kubwa

Mashine ya juisi ya binti yangu iliungua wiki tatu zilizopita, na Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikajifungia chooni nicheke.

Nina sukari. Mwaka jana nilianguka jikoni kwangu, binti yangu akanichukua nikae kwake mpaka nipate nafuu. Mimi ni fundi cherehani, nina vyumba vyangu viwili na wateja wangu, nikajua ni mwezi mmoja tu. Thubutu. Akanunua mashine. Kila asubuhi glasi mbili za karoti, tufaha na machungwa, makapi yote katupa, na yeye kasimama mlangoni mpaka nimalize. Kila mwezi nikipimwa, sukari iko juu. "Unaona, mama, huwezi kuishi peke yako." Ufunguo wa kwangu anao yeye.

Basi mashine ilipoungua, nikawa natafuna matunda kwa meno yangu mwenyewe, tena nusu nusu. Juzi muuguzi akanipima, akarudia, akacheka. "Bibi, ukija hivi mwezi ujao, rudi kwako ukashone." Nilitamani nimkumbatie. Binti yangu aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Leo kanileta dukani tuchague mashine mpya.

Muuzaji ni mama wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, mdomo haulali. Akatuwashia ya kasi, yenye jagi kubwa, kelele zake utadhani inasaga kokoto. Akatuonyesha ya polepole, inakamua taratibu, ila kuiosha ni kazi, kichujio ukisugue kwa mswaki kabla makapi hayajakauka. "Wengi wanaichoka, inaishia kabatini," alisema. "Mnywaji nani?"

"Mama," binti yangu akajibu.

"Ana tatizo lolote la kiafya?"

Nikamwahi. "Nina sukari."

Muuzaji akashusha miwani, akanitazama vizuri. "Basi nisikudanganye, ingawa niko hapa kuuza. Juisi haikufai. Ukishatupa makapi, sukari inakuingia mwilini mbio. Kula tunda zima."

Nikamgeukia mwanangu nione atakavyoshtuka. Hakushtuka. Alikuwa anafungua na kufunga kifuniko cha jagi.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

Akaendelea kukichezea kile kifuniko.

"Nakuuliza wewe. Tangu lini?"

"Muuguzi aliniita pembeni mwezi ule wa kwanza," akasema. "Mama, ukirudi kwako, mimi nikifungua mlango wangu jioni nitamkuta nani?"

Maneno nilikuwa nayo, tena makali. Nilitaka nimwambie amenipotezea mwaka mzima na afya yangu pia, anipe ufunguo wangu pale pale. Lakini alikuwa analia mbele za watu, kimya kimya, anafuta uso kwa kiganja, na mimi ndiye niliyemzaa. Hasira ikaniishia. Kuishiwa kwenyewe kuliniuma kuliko zile glasi zote.

Muuzaji akakohoa. "Sasa vipi, tuiache?"

Binti yangu akanigeukia. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Tufungie hiyo yenye jagi kubwa," nikasema.