Ukuta wa Kunhuta

Jumatatu ngome ya Vlčenec hufungwa kwa watalii, na ndiyo siku wafu wa kijiji hupandisha maji. Huja asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, kila mmoja na ndoo mbili za mbao zinazoning'inia kwenye mti wa begani. Walipokuwa hai walimfanyia mkuu wa ngome kazi ya lazima bila ujira, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba imekwisha. Wanamimina maji kwenye pipa la jikoni. Bwana Hynek, wa ukoo wa mkuu yule, aliyerudishiwa ngome baada ya serikali ya makomredi kuanguka, huyatumia kumwagilia mawaridi.

Bohdana, binti anayekata tiketi siku nyingine, Jumatatu hufagia ua wa jikoni. Kunhuta, mmoja wa wafu hao, ni bibi yake wa zamani sana. Wanafanana mwanya wa meno.

"Unazidi kukonda, mjukuu wangu. Hulishwi?"

"Nakula, bibi. Jana nilikunywa supu ya kitunguu saumu."

"Supu! Mimi nilibeba chokaa mchana kutwa, jioni nikazaa." Akatua ndoo. "Ukumbi wangu unaendeleaje?"

"Umesimama."

"Hata ng'ombe husimama. Ni mzuri?"

Kunhuta hakuwahi kuuona. Alichanganya chokaa ya kuta zake, akafa kabla ya paa, na wenye mikono michafu hawakuruhusiwa kupita ua wa jikoni.

"Nataka kuuona," alisema. "Mara moja tu, nijue nilichokifanya."

Bohdana huona haya hata kuomba chumvi mezani. Hata hivyo alimfuata Bwana Hynek bustanini, akaongea na viatu vyake.

"Bwana, bibi yangu anaomba kuingia ukumbini."

"Yule mwenye mwanya? Wafu wanadondosha maji, Bohdana. Sakafu ile ni ya mbao."

"Atavaa sapatu."

Kila mgeni huvalishwa juu ya viatu vyake sapatu kubwa za sufu nzito, asiikwaruze sakafu. Bwana Hynek akafikiri kidogo.

"Haya. Asiguse kitu."

Kunhuta aliingia akiteleza, amemshika Bohdana mkono.

"Nishike vizuri, hizi mashua zitaniua!"

"Ulishakufa, bibi."

"Basi zisinivunje."

Akaugusa ukuta papo hapo. Karibu na dirisha alikuta mikwaruzo ya vidole vitatu kwenye chokaa iliyokauka. Akaviingiza vidole vyake humo, vikaenea.

"Hapa nilipaka mimi. Msimamizi alisema ukuta huu hautaiona theluji ya pili." Akacheka hadi mwanya ukaonekana wote. "Sasa yuko wapi msimamizi?"

Akauzunguka ukumbi mzima, kidevu juu, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Bwana Hynek alikuja kuchungulia. Hakumtazama yeye. Alitazama sakafu, ambayo kila alipopita Kunhuta iling'aa kuliko ilivyowahi kung'aa.

Jumatatu iliyofuata sapatu zilikuwa zimepangwa mlangoni. Wafu wakimaliza maji, alisema Bwana Hynek, wapite ukumbini, waing'arishe sakafu kona zote.

"Bwana, mimi sikuomba hivyo," alisema Bohdana, masikio yakiwaka moto.

"Si walitaka kuuona?"

Bohdana akaenda kwa Kunhuta, aliyekuwa anamimina ndoo ya mwisho.

"Bibi, nisamehe. Nimewaongezea kazi."

"Kazi naijua, mwanangu. Sogea nipite."

Akavaa sapatu, akaingia wa kwanza. Wenzake wakamfuata kwa mstari, wakiburuza miguu, na sakafu ikang'aa nyuma yao.

"Taratibu, msiburure kama mnalima," aliwaambia. "Na wewe Vavřinec, acha kutazama miguu. Inua kichwa. Lile tao pale juu, si ni lako?"

Vavřinec akainua kichwa. Mstari wote ukasimama kumngoja.

"Ni langu," akasema.