Pini Zisizo na Tundu

Mama Pini alikuwa ameshalowa jasho kabla hata chai haijachemka. Bamba la alumini juu, bamba la chuma chini, yote mawili yamebanwa kwenye jiriwa, na pini yenye kofia imeshachomekwa kwenye kichwa cha mashine. Akavaa miwani ya kazi, akamtazama mumewe aliyeshika mpini wa jeki.

"Bonyeza!"

Mashine ikalia. Kwanza ililia kwa sauti nyembamba, pini ikizunguka juu ya alumini na kuilainisha. Kisha sauti ikazama, maana ncha ilikuwa imekwishapenya na kugusa chuma. Halafu ikapanda tena, kilio cha kutia ganzi meno, na chini ya kofia pakaiva wekundu.

"Zima!"

Mumewe, ambaye mtaa ulimwita Fundi, akakanyaga breki. Kimya. Hakuna mtungi wa gesi, hakuna waya wa kuchomelea, hakuna tundu lililotobolewa na mtu. Msuguano mtupu! Alumini na chuma, ambavyo ukivichomelea kwa moto wa kawaida vinasusiana, vilikuwa vimeshikana kama mtoto na mgongo wa mama yake.

"Hii nayo imeshika," Mama Pini alisema, akacheka peke yake.

"Kila siku unacheka kama ndiyo ya kwanza," mumewe akasema.

"Na wewe kila siku unanuna kama ndiyo ya mwisho."

Ujuzi huo aliupata kwenye kiwanda cha kuunga mabasi, kabla hakijafungwa na wafanyakazi wake kutolewa nje ya geti kwa kupewa mkono tu. Wenzake waliondoka na spana mifukoni. Yeye aliondoka na mashine nzima kichwani. Mumewe, fundi wa kukereza vyuma, aliposikia habari hizo alidhani mkewe anaumwa. Lakini alimpenda, kwa hiyo wakatafuta mota ya mashine mbovu ya kukereza, wakatafuta jeki ya lori, wakaunguza nyaya za banda zima mara nyingi kiasi kwamba majirani waliacha kushtuka. Na siku moja pini ikashika! Mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Na leo sasa ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Afisa wa viwango alikuwa njiani. Akigonga muhuri, masanduku ya mizigo ya Mama Pini yangeruhusiwa kubebwa barabarani. Asipogonga, banda lingefungwa, naye angerudi kukaa kando ya barabara akigonga masufuria yaliyobonyea. Hata habari kwamba bei ya alumini imepanda tena haikumtoa kwenye furaha yake.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote ni mteja wao wa kwanza, kijana mnene mcheshi aliyesambaza maziwa kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Watu walimwita Maziwa. Sanduku lake la zamani lilifungwa kwa ribiti, ile misumari ya kugongwa vichwa pande zote mbili, na kila ribiti inataka tundu. Barabara zilivyo na mashimo, matundu yale yalikuwa yamepanuka, maziwa yakawa yanadondoka njia nzima. Paka wa mitaa yote walikuwa wanamjua kwa sura.

"Mama, leo ni leo!" Maziwa aliingia akipiga makofi. "Nimewaaga paka kabisa. Nimewaambia tafuteni mtu mwingine."

"Subiri muhuri kwanza."

"Huyo hapo anakuja na muhuri wako."

Afisa alikuja kwa miguu, kwa kuwa gari la ofisi halikuwa na mafuta. Alikuwa mtu wa makamo, viatu vimejaa vumbi, begi zito begani. Ndani ya begi mlikuwa na muhuri, na mlikuwa na kibao cha alumini cha kufungia karakana, kwa sababu hakujua lini atahitaji kipi. Mkononi alishika simu ya ofisi kwa uangalifu mkubwa.

Wakamwonyesha. Mama Pini alifunga pini moja, kisha nyingine, akieleza huku anapiga kelele kushinda mashine. Afisa aliinama, akatazama upande wa nyuma wa chuma, akapapasa. Laini. Akageuza mbele, akapapasa kofia. Macho yakamtoka.

"Aisee! Imepitaje bila kutokea nyuma?"

"Haijapita. Imeishia humo humo na kushikana na chuma."

"Mama, hongera sana. Kwa kweli hongera." Akafungua simu, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Alibonyeza vizuri mpaka mahali fulani, kisha kidole kikabaki hewani. "Sasa hii niiite nini? Hapa pameandikwa aina ya kiungo. Kuna ribiti na kuna kuchomelea."

"Si ribiti. Ribiti ina tundu. Na kuchomelea kunakosemwa hapo ni kwa moto."

"Nikichagua kuchomelea inataka picha ya mtungi wa gesi."

"Hatuna mtungi."

"Nikichagua ribiti inataka picha ya tundu."

"Hatuna tundu. Ndiyo raha yake!"

"Mimi nimekuelewa, mama. Nimeona kwa macho yangu. Lakini simu haikuona."

Fundi akaleta nyundo na tindo, akamwekea mkononi. "Basi jaribu mwenyewe, mkuu. Pinda, vuta, ng'oa. Ikiachia, funga banda hata leo."

Afisa akavirudisha mezani taratibu. "Kung'oa si kazi yangu. Kazi yangu ni kujaza."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haya, na haya ilimfanya asogee karibu na kushusha sauti. "Sikilizeni. Toboeni tundu moja tu hapo nyuma. Nipige picha, niandike ribiti, nigonge muhuri, tumalizane."

Kabla hajamaliza, Fundi alikuwa ameshanyakua drili. Mama Pini akaweka kiganja juu ya bamba.

"Usitoboe."

"Mke wangu, ni tundu la picha tu!"

"Maziwa hayajui kama tundu ni la picha. Yatatoka hapo hapo."

"Ni hili bamba moja la kuonyesha!"

"Leo bamba moja. Kesho sanduku lolote litakalotoka hapa litaulizwa tundu lake liko wapi, tutaanza kutoboa kila pini ili tufanane na simu. Hapana." Aliutaka muhuri ule kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, na kiganja chake hakikutoka. "Andika pini ya msuguano."

"Hakuna pa kuandika, mama. Ni kuchagua tu."

Wakasimama wakitazamana, na simu, kwa kuwa ilichoka kusubiri, ikaamua yenyewe. Ikageuka nyekundu. Afisa akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma kifo cha jirani: "Kiungo kisichotambulika. Funga karakana."

Maziwa akakaa chini juu ya tairi. Fundi akageukia ukuta. Afisa akatoa kibao kwenye begi, akakipangusa kwa mkono wa koti. KARAKANA IMEFUNGWA, kiliandikwa kwa rangi nyekundu. Akapapasa mifuko ya begi, akapapasa mifuko ya suruali.

"Mna skrubu?"

"Ofisi ya serikali inakuja kufunga watu bila skrubu?" Fundi aliuliza ukutani.

"Ziliisha zamani. Tuliomba."

Mama Pini hakuwasikia. Alikuwa anatazama kibao. Alumini. Akatazama mlango wa banda. Chuma, tena bamba nene zuri. Uso ukamng'aa kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye bahati nasibu.

"Kibao chako tutakifunga sisi," alisema.

"Kisitoke, mama. Bosi wangu hataki kabisa kusikia kibao kimetoka."

"Hakitatoka."

Wakauchomoa mlango kwenye bawaba zake. Wabeba mizigo wa ghala la jirani wakaja kusaidia kuubeba, na kwa kuwa habari ya mtu anayejifungia banda lake mwenyewe haitokei kila siku, wakabaki kutazama. Wanawake wa bombani wakaacha ndoo kwenye foleni. Mlango ukalazwa kwenye mashine, kibao juu yake.

"Bonyeza!"

Kona ya kwanza. Mashine ikalia, ikazama, ikapanda. "Zima!" Watu wakashangilia. Kona ya pili, wakashangilia zaidi. Kufikia ya nne walikuwa wanapaza sauti pamoja na Mama Pini: "Bonyeza! Zima!" Fundi aliikanyaga breki kwa hasira.

"Tunafungiwa mlango na wewe unashangilia!"

"Sishangilii kufungwa. Nashangilia pini. Itazame ilivyokaa!"

Mlango ukarudishwa kwenye bawaba. Afisa akarudi nyuma hatua chache, akapiga picha, akaanza kubonyeza. Mara kidole kikabaki hewani tena.

Maziwa alisimama kutoka kwenye tairi, akachungulia kupitia begani kwake. Akasoma. Akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Jamani! Inauliza kibao kimefungwa kwa kitu gani! Skrubu, ribiti, au kuchomelea!"

Banda likalipuka kwa vicheko. Afisa mwenyewe alitaka kucheka, akameza, akampigia bosi wake. Sauti ya bosi ilikuwa kubwa, kila mtu akaisikia.

"Chagua skrubu, wewe!"

"Inataka picha ya kichwa cha skrubu, bosi."

"Mmetumia nini kwani?"

"Ile... ile isiyotambulika."

"Basi king'oe, ununue skrubu, ukifunge upya. Na kisiharibike, ni mali ya ofisi!"

Afisa akavua koti. Akaomba ile nyundo na ile tindo alizokuwa amezirudisha mezani.

Alianza kwa adabu, akigongagonga pembeni ya kofia. Hakuna kitu. Akagonga kwa nguvu. Tindo ikateleza. Mbeba mizigo mmoja akaleta mtaimbo, wakauingiza chini ya ukingo wa kibao, wakaning'inia wawili, kisha watatu. Watu wakaanza kuimba ule mwito wa kusukuma gari bovu. Afisa akafungua vifungo vya shati, akaingia katikati, akavuta huku amefumba macho. Mama Pini alikuwa anarukaruka mahali pamoja, mikono kinywani.

Kikasikika kitu kinachanika.

"Imeachia!" Fundi akapiga kelele, rangi imemtoka.

"Haijaachia! Angalia!" Mama Pini alipenya mpaka mlangoni. Alumini ilikuwa imechanika kuzunguka kofia, na kipande chake kimebaki chini ya pini, pini haijatikisika hata kidogo. "Ndivyo tulivyokuwa tunapima kiwandani! Bamba likichanika na pini ikabaki, kiungo kimefaulu! Vuteni! Vuteni na hizo nyingine!"

Wakavuta. Ya pili, bamba likachanika. Ya tatu vilevile. Ya nne ilipochanika, Afisa alianguka chali na kibao kifuani, na watu wakashangilia kama wameshinda kombe. Mlangoni zilibaki pini nne, kila moja imekumbatia kipande chake cha alumini.

Maziwa akamnyanyua na kumpangusa mgongo. Afisa alikuwa anacheka sasa, kucheka kweli, kifua kinapanda na kushuka. Akasogea mlangoni, akapapasa pini moja kwa kidole gumba, akaipapasa ya pili.

"Mama, hiki kitu kimeshika."

"Umekijaribu mwenyewe, kwa mikono yako," Mama Pini alisema. "Mbele ya watu wote hawa. Muhuri uko kwenye begi. Andika basi."

Kelele zikapungua, watu wakasubiri. Afisa akaitoa simu mfukoni, akaitazama muda mrefu, akaigeuza kumwonyesha. Bado ilikuwa nyekundu. Bado ilikuwa na machaguo yale yale.

"Ningeandika," alisema. "Naapa, mama, ningeandika. Pa kuandika ndipo hapapo."

Akavaa koti lake. Kibao kilichokatika kona akakitia kwapani, maana kingehitaji maelezo, na maelezo yake yangekatwa kwenye mshahara wake. "Nitarudi," alisema bila kumtazama mtu. "Nikipata skrubu." Akaenda zake kwa miguu, vumbi likimfuata.

Watu wakatawanyika, wanawake wakakimbilia ndoo zao. Mama Pini alibaki kwenye kizingiti. Alikuwa na furaha na alikuwa na uchungu, na hakujua aanze na kipi.

"Sasa tumefungwa au hatujafungwa?" Fundi aliuliza.

"Uliza simu."

"Mimi naliulizia sanduku langu," Maziwa akasema. "Malizieni. Trafiki akinidai muhuri nitamleta hapa azing'oe hizi pini za mlangoni."

Hakuna aliyecheka sana, kwa sababu wote watatu walijua trafiki haji kung'oa pini, anachukua pikipiki. Lakini Maziwa alikuwa ameshashika upande mmoja wa sanduku, analivuta kulipeleka kwenye jiriwa. Mama Pini akausukuma mlango wa chuma mpaka ukagonga ukuta, akaukazia jiwe usijifunge, akavaa miwani.

"Bonyeza," akamwambia mumewe.