Goti la Raundi Moja

Daktari alinikunja goti la kulia, akalinyoosha, kisha akasema, "Mama, ukishafanyiwa upasuaji, gofu basi. Kabla ya hapo goti hili lina raundi moja, labda pungufu." Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na miwili, najua daktari anavyosema anapokuwa hana la kukuongezea. Nikamshukuru, nikarudi zangu nyumbani Itetemia nimechoka kiasi kwamba hata hasira ilinishinda.

Habari zikamfikia Mwanne, muuza vitenge wa mjini ambaye nimecheza naye gofu kila Jumamosi kwa miaka kumi na minne. Alikuja na viwanja vya nchi nzima kwenye simu yake. Cha Dar kina upepo wa bahari, cha Moshi kina vivuli, cha Arusha kina nyasi kama zulia la msikitini, na mlima juu yake.

"Raundi moja, shoga, uichezee kwenye mchanga wetu huu? Haiwezekani. Utacheza kwenye nyasi."

Uwanja wetu hapa Tabora una mashimo tisa, na kuzunguka kila shimo pana duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili usipeperuke. Kabla ya kuusukuma mpira, unaburuta gunia kutoka ulipo mpira hadi shimoni, zifutike nyayo za mbuzi na za watu waliotangulia. Wageni huucheka. Mimi naupenda hivyo hivyo. Lakini kubishana na Mwanne kunataka nguvu, na nguvu sikuwa nazo. Nikasema haya, Arusha.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Nzega, tukapita Singida, tukafika jioni miguu imevimba. Kesho yake asubuhi tukaingia uwanjani.

Shimo la kwanza mpira wangu ulitua hatua nne tu kutoka shimoni. Mikono ikafanya ilichozoea. Nikatafuta gunia, nisilione; nikafungua kitenge kiunoni, nikakiburuta juu ya nyasi zenye umande mpaka shimoni, taratibu, kazi safi kabisa. Mfanyakazi wa uwanja akaja mbio.

"Shikamoo, mama. Samahani, hapa hatufagii."

"Marahaba, mwanangu. Na nyayo je?"

"Nyasi zinajiinua zenyewe, mama."

Mwanne alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona haya, nikakasirika, halafu nikachoka upya.

Shimo la tatu lilikuwa la kupanda kilima. Katikati ya mpando goti likaanza kuwaka moto. Nikaegemea fimbo, nikautazama ule mlima. Ulikuwa mzuri kweli, siwezi kuusingizia. Lakini sikusikia raha yoyote.

"Mwanne, mimi naokota mpira."

"Una wazimu? Tumesafiri kutwa nzima! Yamebaki mashimo kumi na sita!"

"Kilichobaki kwenye goti hili nataka kukipeleka nyumbani."

Akanitazama. "Kwa hiyo hukutaka kuja?"

"Sikutaka."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

"Nimefurahi nini, Tekla? Nyasi zenyewe zinanitia kizunguzungu, mpira hausimami. Niliogopa tu. Nilijua ukimalizia kwenye uwanja wetu utalia, na mie sikutaka kukuona unalia."

Basi tukasimama pale, wanawake wazima wawili tuliovuka mikoa kufurahishana, na hakuna aliyefurahi. Nilimkasirikia kidogo, nikajikasirikia zaidi. Miaka yote ile nimewaambia wagonjwa waseme ukweli panapouma, nami zamu yangu ilipofika nikanyamaza kwa uvivu wa kubishana.

Nikainama kwa taabu, nikauokota mpira.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," nikamwambia.

"Methali umeikumbuka leo! Juzi ilikuwa wapi?"

Nikacheka, mara ya kwanza tangu tutoke Tabora. Yeye hakucheka. Alikuwa analitazama goti langu, limejaa sasa, ngozi inang'aa.

"Na likikataa? Likikataa hata shimo la kwanza la nyumbani?"

"Likikataa nitalia palepale, Mwanne. Na wewe utasimama unione."

Mwanne akauokota mpira wake pia, akanipa bega, tukaanza kuteremka.