Kipa wa Viazi

"Wewe ni raia! Kazi yako ni viazi!"

"Na hizo mechi tisa nani alidaka, afande? Viazi?"

"Usinijibu hivyo, Sifuna."

"Si wewe ndio umeanza, bana?"

Koplo Kipkosgei, kapteni wa Kifaru, timu ya kambi ya jeshi hapo nje ya Kitale, alikuwa amemfuata Sifuna mpaka kwa sufuria ya githeri. Sifuna hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mpishi wa kuajiriwa tu. Lakini msimu huu lori ilikuwa inakuja kila mwezi kubeba wasee wa kambi kupeleka Somalia, na kila ikienda, timu inabaki na shimo. Beki wawili wakaenda. Winga akaenda. Halafu Kim, kipa mwenyewe, akaenda. Siku hiyo alivua glavu hapo mlango wa jikoni akamwambia Sifuna, "Nishikie."

Sifuna akashika kweli. Mechi tisa, magoli tatu tu. Kitale nzima ikamjua: kipa wa viazi.

Sasa Kim amerudi likizo, na fainali ni Jumamosi, Bungoma, nyumbani kwa kina Sifuna. Mamake alikuwa ashatangazia kanisa yote.

"Sikiza," Kipkosgei akasema. "Utaanza. Lakini goli moja tu iingie, unavua glavu hapo hapo, Kim anaingia, na hutazivaa tena. Sawa?"

"Sawa, afande! Na chapati nakuongezea!"

Jumamosi walikutana na Misikhu Soko, vijana wa sokoni, wakali kama pilipili. Mgeni rasmi alichelewa, mechi ikaanza saa kumi na robo. Kufika dakika ya tisini, Kifaru wako mbele moja bila, na Sifuna amedaka kila kitu, hata kofia ya mama fulani iliyobebwa na upepo.

Derrick, muuza omena, namba tisa ya Misikhu, akapata mpira katikati. Hapo hapo, kutoka ofisi ya chifu kando ya uwanja: priiii! Saa kumi na mbili. Bendera inashuka, kila mtu lazima asimame.

Na unajua wanajeshi. Wote kumi wakakauka, mikono mapajani, videvu juu. Kipkosgei filimbi ilimpata hewani akiruka kichwa. Alitua ashasimama wima. Refa, mwalimu mstaafu, akakauka na filimbi yake mdomoni. Mashabiki wakasimama. Ni ng'ombe mmoja tu alikuwa anaendelea na nyasi.

Derrick naye alisimama, sekunde mbili hivi. Akaangalia kushoto: beki amekauka kama nguzo ya stima. Kulia: nguzo ingine. Akachomoka.

Uwanja kimya, unasikia tu viatu vyake, pu pu pu.

"Sifuna!" Kipkosgei akanong'ona bila kusongesha mdomo. "Simama wima!"

Msimu mzima Sifuna alikuwa anatamani aambiwe hivyo, kama mwanajeshi. Akanyooka. Kidevu juu. Halafu akaona Derrick anatabasamu.

"Afande, si ulisema mimi ni raia?"

Akatoka mbio. Derrick akapiga kombora. Sifuna akaruka, mpira ikamgonga mkono, ikamgonga pua, ikagonga mlingoti wa goli, ikaenda kwa ng'ombe. Priiii! Bendera imeshuka. Refa naye, filimbi haikuwa imetoka mdomoni, akamalizia mechi hapo hapo.

"Refa, ulikuwa umelala!" Derrick akalia.

"Nilikuwa nimesimama," mwalimu akasema. "Lakini macho ilikuwa inatembea. Nenda nyumbani."

Mamake Sifuna aliingia uwanjani na mwavuli, anacheza, anapiga watu wa Misikhu nao. "Huyo ni wangu! Huyo wa pua!"

"Umekosea bendera heshima," Kipkosgei akamwambia Sifuna. "Magunia mawili ya viazi." Kisha akambeba juu juu kama mtoto.

Aliposhushwa, Kim alikuwa hapo mbele yake, bado na tracksuti ya benchi. Sifuna akavua glavu, damu ya pua juu yake.

"Shika. Ni zako."

"Goli ngapi zimeingia?"

"Hakuna."

"Basi si ulipatana na koplo? Lori ya kunirudisha ni Jumanne. Huko tunacheza kwa mchanga, hakuna mtu anavaa glavu." Akamrudishia kifuani. "Nishikie tena, buda."

Akageuka, akaenda zake kutafuta soda.