Debe Moja Kila Nyumba

Sisi tulioishi landhi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli pale Itigi, hatukuwa tukichemsha maji ya kuoga. Usinishangae. Asubuhi mwanamke alichukua debe lake, akavuka reli, akaenda shedi, kwenye banda la treni, kukinga maji ya moto kwenye kichwa cha treni, akarudi kuogesha watoto. Nilipoletwa pale nimeolewa kutoka Iguguno niliona kama mazingaombwe. Baada ya mwaka nikawa nawacheka wanawake wengine wanaopuliza kuni mpaka macho yanawavimba kwa ajili ya beseni moja.

Mwenye maji hayo alikuwa mume wangu. Yeremia alikuwa fundi wa moto. Kazi yake ilikuwa kukiwasha kile kichwa kidogo cha kuni kilichopanga mabehewa stesheni, na kukilinda kisipoe. Wajinga hudhani kuwasha moto ni kazi ya kila mtu. Kichwa kilichopoa huwashwa polepole, kutwa nzima, maana chuma kikishtuliwa kinapasuka. Kukipoza nako ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu aliweka sheria ya debe moja kila nyumba. Ukitoa maji mengi ya moto kwa mkupuo, alituambia, chuma kinajikunja na boila limekwisha. Jirani yangu Dorkas aliwahi kuja na madebe mawili. Alirudi na moja limejaa na la pili tupu, na ni mtu tunayeazimana chumvi.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha zikaja treni za dizeli. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hakutaka kuni, hakutaka maji, wala hakumtaka mwenyeji. Siku ya kwanza alipoingia stesheni tulijipanga na madebe yetu kama kawaida. Dereva akachungulia dirishani akatuuliza tunasubiri nini.

"Maji," Dorkas akamjibu.

Yule kijana akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Sisi tukarudi nyumbani na madebe yetu.

Baada ya hapo watu wakaanza kupungua shedi. Vijana waliosoma walipelekwa Tabora kujifunza dizeli. Wengine wakaambiwa waende vijiji vya ujamaa, kwamba taifa linahitaji mikono. Fundi wa bomba akaondoka, fundi wa breki akaondoka, na kila aliyeondoka alikabidhi nyumba. Yeremia alikuwa mzee mno kwa Tabora na kijana mno kwa kiinua mgongo. Siku stesheni masta, Bwana Gasto, alipomwita ofisini nilimfuata, maana mume wangu akiambiwa neno na wakubwa hurudi nyumbani na nusu yake.

"Kazi yako haijafutwa," Bwana Gasto alisema. "Itafutwa siku moto wa kichwa cha kuni utakapozimwa. Ndivyo walivyosema wakubwa."

"Nani atauzima?" Yeremia akauliza.

"Fundi wa moto."

"Fundi wa moto ni mimi."

"Ndiyo."

"Basi sijauzima."

Bwana Gasto akatazama dari. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akipewa kazi mbaya huifanya polepole. "Mimi sijaambiwa nikulazimishe," akasema.

Ikawa hivyo. Moto ukiwaka, kazi ipo, na kazi ikiwapo, nyumba ni yetu. Kichwa hakikuwa na behewa la kupanga tena, kilisimama tu shedi kikitoa moshi. Reli ilipoacha kuleta kuni, wanawake wakawa wanakuja na debe kichwani na vijiti viwili vitatu vya kichakani kwapani. Yeremia alivaa ovaroli yake kila siku, akapaka grisi magurudumu yasiyokwenda popote. Nilimtazama nikawa sihisi kitu, si huruma, si hasira. Na hasira ndiyo mali pekee niliyotoka nayo kwetu.

Kisha pampu ikasimamishwa. Dizeli hainywi maji, na tangi la reli ndilo lililokuwa linatunywesha sisi sote. Ilikuwa kiangazi. Tukaanza kwenda kisima cha bondeni, mwendo mrefu na foleni ndefu kuliko mwendo. Kichwa nacho kilikuwa na kiu. Moto chini ya boila kavu ni bomu, hilo hata watoto wa landhi walilijua. Basi wanawake wale wale waliokuwa wanachukua maji kwenye kichwa wakaanza kukipelekea. Unaona mambo? Tunajitwika maji baridi tukakinyweshe chuma, ili Yeremia asifukuzwe. Mwanzoni hakuna aliyenung'unika. Baadaye wakaanza kupitia njia ya nyuma ya duka la Manji, nisiwaone. Sikuwalaumu, nao wana watoto. Mwisho nilibaki mimi na shingo yangu.

Wakati huo Dorkas akajifungua mtoto wa kike. Siku iliyofuata nilikaa kisimani tangu alfajiri. Kisima kilitoa tope, kikatoa tope tena, nikarudi jua la utosi na debe moja. Njia ikifika relini inagawanyika, huku shedi, huku landhi. Yeremia alikuwa amesimama mlangoni mwa shedi akinisubiri.

"Maji yameshuka mpaka alama ya chini," alisema. "Chini ya hapo siwezi kutoa hata tone moto ukiwaka. Lete."

Sikulitua debe. "Kwa Dorkas hakuna hata tone. Mtoto hajaogeshwa tangu azaliwe."

"Mama Alute, nisipokipa maji leo, itabidi niuzime."

"Najua."

"Na nikiuzima..."

"Najua, Baba Alute. Kazi najua, nyumba najua. Maji haya ni ya mtoto."

Nilisubiri anikemee. Angenikemea ningefurahi, tungegombana tukawa watu. Alilitazama debe, akageuka akatazama moshi uliokuwa unatoka.

"Haya," akasema. "Mpelekee ya kunywa. Mwambie asichemshe ya kuoga. Wewe rudi na debe tupu."

Niliporudi alikuwa ameshauvuta moto wote nje. Makaa yalikuwa chini katikati ya reli, na yeye akiyafunika mchanga kwa koleo, bila haraka. Nikajua tumekwisha. Nikaanza kuhesabu vyombo vyangu kichwani, kipi tutabeba na kipi nitamwachia Dorkas. Sikulia. Niliona kama napanga safari ya mtu mwingine.

"Waite wote," Yeremia akasema. "Waje na madebe, sufuria, ndoo, chochote wanachoweza kubeba."

"Si debe moja kila nyumba?"

"Waite."

Wakaja mbio, hata wale wa njia ya nyuma ya duka. Mama yake Dorkas alikuja na beseni la kumwogeshea mjukuu wake. Yeremia akafungua koki mpaka mwisho. Maji yote yaliyobaki chini ya alama yakatoka kwa kishindo, mvuke ukajaa shedi nzima, wanawake wakapiga vigelegele.

"Mungu akuzidishie, fundi!" mama yake Dorkas akapaza sauti. "Kumbe una moyo namna hii!"

Mimi nilisimama nyuma yao, karibu na boila. Ndani chuma kilikuwa kimeanza kulia. Ta. Kimya. Ta, ta. Nikasogea mpaka alipokuwa.

"Kinalia," nikamwambia.

"Nasikia."

"Funga basi. Kinapasuka."

"Nifunge kwa ajili ya nani? Hakuna atakayekiwasha tena."

Hakuinua sauti, na mkono wake haukutoka kwenye koki. Mpaka dakika hiyo nilidhani tunapoteza nyumba tu. Hapo maumivu yakanifika, yote kwa pamoja.

"Debe lako liko wapi?" akaniuliza.

Nikampa. Akalijaza mpaka pomoni, akalinyanyua, akanitwika mwenyewe mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu anioe. Nikavuka reli taratibu, maji yasimwagike. Nyuma yangu bado walikuwa wanapiga vigelegele.