Saba ya Nyongeza

Siku ile mimi nilikuwa nakaanga, nataka lijulikane hilo kwanza, maana Milton mume wangu anawaambia watu kwamba nilikuwa nimekaa tayari kwa vita. Uongo mtupu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na kwetu mvua ikinyesha hakuna anayeuliza tule nini. Unakanda unga, unayeyusha mafuta ya ng'ombe, unakaanga mandazi bapa yenye tundu katikati. Milton alikuwa mezani na kibuyu chake cha mate, yale majani machungu ya kunywa kwa mrija, kashika simu, anapekua mnada wa mashine kuukuu. Ana namba ya mnunuzi huko mtandaoni, ishirini na saba, miaka minne sasa, na hajawahi kununua hata skrubu. Anatazama tu na kuwasikitikia wanaouza.

"Mama Lorena," akaniita, "hebu njoo. Si Pancha huyu?"

"Pancha gani? Niache, mafuta yamechemka."

"Pancha wa baba yako."

Nikazima jiko.

Alikuwa yeye. Trekta la rangi ya chungwa, limebonyea kwenye boneti pale mdogo wangu Delmo alipomgongesha kwenye mwembe wa geti, hapana, nasema nini, kwenye mkaratusi wa geti, akiwa na miaka kumi na tatu. Walikuwa wamemwosha kwa ajili ya picha, anang'aa kama bibi harusi wa miaka sitini. Chini yake wameandika: *Injini haiwaki. Sababu haijulikani. Linauzwa lilivyo.*

"Sababu haijulikani!" nikasema. "Watu hawa! Hebu ikuze hiyo picha, hapo ubavuni, karibu na pampu."

Milton akaikuza. Kile kijiti cha kuzimia injini kilikuwa kimelala chini, peke yake, hakijashikwa na kitu. Nikacheka, na nilipomaliza kucheka machozi yalikuwa yameshanitoka.

Sababu naijua mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, katikati ya mavuno ya ngano, springi ya kile kijiti ilikatika, ikawa Pancha akiwashwa kijiti kinaanguka na injini inazima. Baba alinyoosha mkono bila hata kugeuka, akachomoa pini kwenye nywele zangu, akakibana. Pancha akanguruma mpaka jioni. Tangu hapo hajawahi kuwekewa springi. Pini ikichakaa, Baba ananiita, "Nilda, lete pini," nami naenda. Nimeolewa, bado naitwa. Nina watoto wawili, bado naitwa. Sasa hawa waliomwosha waliiona pini yangu wakadhani ni uchafu, wakaitupa.

Mnada ulikuwa unafungwa saa tano. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na nane.

"Anayeongoza ni nani?" nikauliza.

"Namba arobaini na mbili. Huyo namjua kwa dau zake, ni wale jamaa wa vyuma chakavu. Anamchinja, anauza spea." Milton akanitazama. "Mama Lorena, usiniambie."

"Nipe simu."

"Sisi hatulimi tena! Shamba tumekodisha!"

"Na banda?"

Hapo akageukia kibuyu chake. Lile banda la upande wa kuku liko tupu miaka tisa. Kila baridi anataka kuegesha gari lake humo, kila baridi namkatalia, na hajawahi kuniuliza kwa nini, maana anajua. Mume wangu ana domo, lakini ana adabu.

Miaka tisa, nayo ina hadithi yake. Baba alipofariki, mimi na Delmo tulikubaliana vitu vyake viuzwe kwa zabuni pale kwenye ushirika, kila anayetaka alete bahasha iliyofungwa. Delmo ndiye aliyekuwa karani wa ushirika, kwa hiyo yeye ndiye wa kuzifungua, mbele ya watu wote. Mimi nilimtaka Pancha. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimetoka matangani, macho yamevimba, nikaandika dola elfu nne kamili, nikalamba bahasha, nikaweka.

Sasa lazima mjue kuhusu Baba na saba. Baba katika maisha yake hakutaja bei ya mviringo, ile inayoishia na sifuri tupu. Akinunua ndama, akinunua mbegu, akienda mnadani enzi zile za kunyanyua kofia, anataja bei halafu anaongeza saba. Mia tatu na saba. Elfu moja na saba. Alikuwa anasema kwenye namba ya mviringo ndipo wavivu wote wanapokaa, na ile saba ni nyongeza, mke wa muuzaji akanunulie sukari. Tulicheka naye, lakini alishinda minada mingi kwa ile saba.

Nami siku ile nikaisahau.

Delmo akafungua bahasha. Yangu, elfu nne. Ya bwana mmoja wa mji wa Cardona, elfu nne na tano. Ukumbi mzima ukanitazama. Mimi nikamtazama Delmo. Ndugu yangu wa tumbo moja, akasoma jina la yule bwana, akagonga muhuri. Nilimfuata nje, nikamwambia umeniuza kwa dola tano. Unajua alinijibu nini? "Dada, umesahau nyongeza." Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana. Anakaa kilomita kumi na moja kutoka kwangu. Kanisani yeye anakaa kulia, mimi kushoto, na wimbo ukianza naisikia sauti yake, ni sauti ya Baba ileile, na mimi naimba kwa nguvu ili nisiisikie.

Nilimkosa Pancha, sawa. Lakini nilimkosa Delmo zaidi, na hilo sikumwambia hata Milton.

Basi nikakaa mezani na mikono yangu ya unga. Arobaini na mbili alikuwa kwenye elfu moja na mia tano. Nikaandika elfu moja, mia sita na saba. Sikuisahau safari hii.

"Polepole," akasema Milton.

"Kunywa mate yako."

Arobaini na mbili akaweka elfu moja na mia nane. Kabla sijagusa simu, akaingia mwingine, namba kumi na tisa, akamruka. Nikapandisha. Arobaini na mbili akapandisha, elfu mbili kamili, kisha akatulia, nadhani akapiga hesabu ya spea akaona hailipi. Nikashangilia mapema. Kumi na tisa akarudi.

Ule mnada una tabia yake: dau likiingia mwishoni, saa inajirudisha nyuma dakika mbili, mpaka watu wachoke. Nikaweka mbili, mia moja na saba. Kumi na tisa akaweka mbili, mia mbili.

"Mwendawazimu huyu," nikasema. "Trekta lenyewe haliwaki!"

"Na wewe je?"

"Mimi najua kwa nini haliwaki."

"Labda na yeye anajua," akasema Milton, akanyonya mate yake, wala hakuwa na maana yoyote. Ndivyo alivyo, anasema jambo kubwa kama anayeomba chumvi.

Nikavaa miwani. Nikashusha ile orodha ya madau kwa kidole, unga ukabaki kwenye kioo. Sikuwa nimesoma namba ya kumi na tisa vizuri. Haikuwa mbili, mia mbili. Ilikuwa mbili, mia mbili na saba. Na ile ya kwanza, aliyomruka nayo mtu wa vyuma: elfu moja, mia tisa na saba.

Nikaivua miwani, nikaivaa tena.

"Ni Delmo," nikasema.

"Wanaoongeza saba mbona wengi."

"Nitajie mmoja."

Akanionyesha saa ya mnada kwa kidole.

Dakika moja na sekunde arobaini. Katika mnada wa ana kwa ana jambo hili lisingetokea kamwe. Kwetu hapa mtu hapandi dhidi ya ndugu yake; ungemwona ng'ambo ya uzio, ungeshusha kofia, yamekwisha. Lakini simu haina uso. Tulikuwa tumepigana watoto wa baba mmoja, Bertinat kwa Bertinat, kila mmoja na saba yake.

"Weka mbili, mia tatu na saba," Milton akasema. Yeye huyohuyo wa polepole! "Mchukue Pancha wako. Miaka tisa umemwekea banda."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilimtaka. Jamani, nilimtaka, nilikuwa nasikia mpaka harufu ya dizeli kwenye koti la Baba. Lakini nikawaza, nikimshinda nitakuwa na trekta bandani, na Delmo atabaki upande wa kulia wa kanisa. Na yeye ameisoma saba yangu, lazima ameisoma, yule karani anasoma kila kitu mara mbili. Kwa hiyo yuko huko kwake, na mvua juu ya bati, ananisubiri.

Nikaiweka simu chini, nikaifunika kwa kitambaa cha unga.

"Unafanya nini?"

"Nakaanga," nikasema, nikawasha jiko.

Dakika mbili zile nilikaanga mandazi sita, yote yakaungua. Milton akafunua kitambaa. "Imefungwa. Kumi na tisa." Akanishika bega, halafu akala andazi lililoungua bila kulalamika.

Kesho yake, Ijumaa, simu haikulia. Jumamosi haikulia. Jumapili kanisani Delmo hakuwepo, na wimbo ulipoanza upande wa kulia ukawa kimya, nikashindwa kuimba. Jumatatu nilikuwa na hasira naye tena, nikamwambia Milton aegeshe gari lake bandani, yamekwisha. Hakuliegesha.

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia. Ile ya ukutani, namba haijabadilika tangu harusi yetu.

"Nilda?"

Sauti ya Baba kabisa.

"Ndiyo."

"Hawaki," akasema. "Lete pini."

Nilitoka na kandambili. Milton aliendesha huku nachomoa pini zote kichwani, ninazihesabu mapajani. Pale kwenye uwanja wa mashine za mnada, kati ya mashine za kuvunia mahindi na matrela yaliyochoka, Pancha alikuwa amesimama mbele ya lori la kumbebea, na Delmo pembeni yake, amenyoa vizuri, kavaa shati la ibada siku ya Jumanne. Amezeeka. Nani alimruhusu kuzeeka hivyo bila mimi kuona?

"Dada," akasema.

"Usiniite dada. Sogea."

Fundi wa pale akaniambia, "Mama, tumejaribu kila kitu, hili ni kufa limekufa." Nikainama, nikakiinua kile kijiti, nikakibana kwa pini palepale pa siku zote. Chuma kina mkwaruzo wa pini zangu za miaka thelathini. Delmo akapanda, akabonyeza stata. Pancha akakohoa. Akakohoa tena. Akatoa moshi mweusi usoni kwa fundi, akanguruma.

Tulilia wote wawili, sitaki kupamba. Milton naye alilia, anasema ni moshi.

"Ulijua ni mimi?" nikamuuliza Delmo, napaza sauti juu ya injini.

"Saba yako ya pili nikajua."

"Mbona hukuniachia, shetani wewe?"

"Mara moja nilikuacha ukakosa," akasema. "Ule muhuri nimeugonga kila usiku miaka tisa. Watu walikuwa wanatazama, dada. Niliona haya mbele ya watu, halafu nikakutania nilipotakiwa kukuomba radhi. Safari hii nilitaka nikununulie mimi." Akamwonyesha dereva wa lori kwa kidevu. "Anwani nimeshampa. Lile banda bado liko tupu?"

Milton akajibu kwa niaba yangu: "Tupu! Mimi ndiye shahidi!"

Delmo akashuka, akatia mkono mfukoni kutoa leso ajifute, na pamoja na leso kikaanguka kipande cha waya. Nikakiokota. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo, kimekunjwa ncha zote mbili, kimepigwa na msasa kisikwaruze. Kingekishika kijiti cha Pancha vizuri kuliko pini yoyote.

"Na hiki?" nikasema.

Akakitazama, akatazama pembeni, masikio yakawa mekundu.

"Cha uzio," akasema.

Nikamrudishia mfukoni mwake, nikakigongagonga kwa nje kisianguke tena.

"Panda garini," nikamwambia. "Nyumbani kuna unga."